Bima ya SHA: Mambo ambayo mzee anafaa kujua kabla ya kuugua

MNAMO Oktoba 1, 2024, Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyoanzishwa mwaka 1966, ilitoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Kwa wazee, jambo kuu katika mpango huu ni tofauti kati ya kusajiliwa na kulipa mchango. Wapo wanaoitambua tofauti hiyo wakiwa tayari hospitalini.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu.

Hazina ya kwanza ni ya huduma za msingi. Hugharamiwa na serikali na hutumika katika zahanati na vituo vya afya, yaani kiwango cha pili na cha tatu. Mzee aliyesajiliwa hutibiwa huko bila kulipa chochote.

Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), inayolipia matibabu katika hospitali za kiwango cha nne hadi cha sita, kukiwemo kulazwa, upasuaji na kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo. Hapa usajili pekee hautoshi. Sharti mchango uwe umelipwa.

Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, ambayo huingilia kati pesa za SHIF zinapokwisha. Kwa mfano, viwango vilivyotangazwa mwaka 2024 viliipa kila familia Sh400,000 kwa mwaka za matibabu ya saratani kutoka SHIF, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina hii.

Nani analipa?

Sheria haikuweka kikomo cha umri wa kujiunga. Hata hivyo, uzee pekee haumwondolei mtu wajibu wa kuchanga.

Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu makao na hali ya maisha yake, kisha hukadiriwa mchango usiopungua Sh300 kwa mwezi, ambao hulipwa kwa mwaka mzima.

Kiwango hicho cha chini ni Sh3,600 kwa mwaka. Kwa mzee wa miaka 70 na zaidi anayetegemea Sh2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii, hizo ni karibu pesa zake zote za miezi miwili.

Kwa wasiojiweza kabisa, sheria inaitaka serikali iwalipie. Oktoba 2025, serikali ilizindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wa kundi hilo.

Wajibu wa watoto

Mchango mmoja hufaidi mume, mke na watoto wanaowategemea. Wazazi hawamo. Mwana aliyeajiriwa Nairobi hawezi kumtibu mamake kijijini kwa kadi yake. Mama husajiliwa kama familia ya pekee, na mwana anaweza kumlipia mchango.

Usajili hufanywa kwa kupiga *147# kwenye simu, au kupitia tovuti ya Afya Yangu, kwa kutumia nambari ya kitambulisho. Baada ya kusajili, hakikisha tathmini ya mapato imekamilika na mchango umepokelewa. Ukaguzi huo ufanywe mzee akiwa angali mzima.