Nusu Karne ya Dungeons & Dragons, Kutoka Nchi ya Chai

Januari 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, masanduku 1,000 yalijazwa kwa mkono nyumbani kwa mtu. Kila sanduku lilikuwa na vijitabu vitatu vyembamba vya mchezo mpya, na bei yake ilikuwa dola 10. Gary Gygax, mmoja wa waandishi wake wawili, alikuwa amepoteza kazi katika kampuni ya bima na alikuwa akijikimu kwa kutengeneza viatu. Don Kaye, rafiki yake wa tangu utotoni, alikopa fedha kwa dhamana ya bima yake ya maisha ili TSR, kampuni waliyoianzisha Oktoba 1973, ipate mtaji. Masanduku yale yaliisha kabla ya mwaka kuisha. Kaye hakuishi kuyaona matunda ya mkopo wake. Moyo ulimsimama Januari 1975, akiwa na umri wa miaka 36.

Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, na mwaka 2024 ulitimiza miaka 50 kwa kutoa toleo jipya la vitabu vyake. Ninauandikia historia hii fupi kutoka Kericho, kwa wasomaji wengi ambao hawajawahi kuucheza, kwa sababu ninaamini watu wa huku wana haki nao zaidi kuliko wanavyodhani.

Nianze na namna unavyochezwa. Hauna ubao wa lazima, wala hauna mshindi. Watu wanne au watano wanaketi mezani, mmoja wao akiwa mwendesha mchezo. Yeye ndiye anayesimulia: mmefika mto Nyangores, maji yamefurika, daraja limekwenda na maji, na ng'ambo mnaona moshi unafuka kutoka kijiji kilichohamwa. Mnafanyaje? Kila mchezaji ana mhusika wake, mwenye nguvu na udhaifu ulioandikwa kwenye karatasi. Mmoja atasema anaogelea na kamba mdomoni. Hapo anarusha dadu yenye pande 20, anajumlisha nguvu za mhusika wake, na hesabu ndiyo itakayoamua kama atavuka au atasombwa. Aliyelelewa Bomet au Sotik kwa hadithi za kogo, yaani bibi, jikoni, mvua ikipiga mabati, anakijua kikao hicho. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anaingia ndani ya hadithi na anaweza kuipindua.

Wazo hilo la mchezaji kuwa mtu mmoja, badala ya jemadari wa jeshi zima la sanamu ndogo, halikutoka kwa Gygax peke yake. Lilikomazwa na mwandishi mwenzake, Dave Arneson, kijana wa Minnesota, katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor mwanzoni mwa miaka ya 1970. Naye alikuwa amejifunza kwa David Wesely, aliyewapa wachezaji wake majukumu ya mtu mmoja mmoja mwaka 1969. Gygax alikuwa na kanuni za vita vya kale, zilizochapishwa mwaka 1971 kwa jina la Chainmail, na alikuwa na bidii ya kuandika. Arneson alikuwa na roho ya mchezo. Kampuni ilipokua, jina la Arneson lilisukumwa pembeni. Alikwenda mahakamani mwaka 1979, na mwaka 1981 wakapatana. Katika kila maadhimisho jina lake linastahili kutajwa kwa sauti ileile ya jina la Gygax.

Mkulima wa chai atayaelewa matoleo ya mchezo huu haraka kuliko mtu mwingine. Mchai ukiachwa hurefuka ukawa mti, kwa hiyo kila baada ya miaka 3 au 4 unapogolewa urudi kwenye usawa wa mikono ya wachumaji. Kwa wiki kadhaa shamba huonekana limekufa, mwenye shamba hana kilo ya kupeleka kiwandani, kisha machipukizi yanarudi. Dungeons & Dragons nayo imekatwa hivyo mara kadhaa, na kila mara walikuwapo walioona kwamba safari hii wamekata mno.

Kati ya 1977 na 1979 vilitoka vitabu vitatu vya toleo lililoitwa Advanced: cha viumbe, cha wachezaji na cha mwendesha mchezo. Mgawanyo huo wa vitabu vitatu umedumu hadi leo. Wakati huohuo ikaja hofu. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja alitoweka katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na magazeti yakausingizia mchezo. Alipatikana akiwa hai, na shida zake zilikuwa nyingine kabisa, lakini miaka ya 1980 wazazi wengi wa Marekani waliamini watoto wao wanafundishwa kuabudu shetani. Tusiwacheke. Hata hapa Kenya, mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada za shetani, na shule zilikuwa kati ya sehemu zilizoogopewa zaidi. Mzazi mcha Mungu wa Bomet akimwona mwanawe na kitabu chenye picha ya pepo atauliza maswali, na ana haki ya kujibiwa. Jibu langu ni kwamba katika mchezo huu pepo ni adui wa kushindwa, na watoto hushinda kwa kusoma, kuhesabu na kusaidiana.

TSR yenyewe iliyumba. Gygax alipoteza uongozi wa kampuni mwaka 1985. Toleo la pili, la mwaka 1989, liliondoa hata majina ya mashetani ili kutuliza hofu. Vitabu viliendelea kuchapishwa kwa wingi kuliko vilivyouzwa, madeni yakarundikana, na mwaka 1997 kampuni ikanunuliwa na Wizards of the Coast, ambayo miaka miwili baadaye ilinunuliwa na Hasbro. Wapenzi wa mchezo walisubiri kwa hofu kuona mwenye mali mpya angefanya nini.

Alifanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko toleo lolote. Mwaka 2000, pamoja na toleo la tatu, Wizards ilitoa leseni huru iliyomruhusu mtu yeyote kuchapisha vitabu vyake juu ya kanuni zilezile. Mara wachapishaji wadogo wakaibuka. Mwaka 2002 Chris Dolunt alitoa Nyambe, kitabu kizima kilichojengwa juu ya visasili vya Afrika, na kisingekuwapo bila leseni ile. Toleo la nne, mwaka 2008, lilikuja na masharti magumu zaidi. Kampuni ya Paizo ikachukua kanuni za toleo la tatu zilizokuwa huru na mwaka 2009 ikachapisha mchezo wake, Pathfinder. Nchi moja ya kubuni katika Pathfinder inaitwa Mwangi, jina ambalo Mkenya hahitaji kuelezwa, na mwaka 2021 ilipewa kitabu chake kamili. Gygax alifariki Machi 2008, na Arneson akamfuata Aprili 2009.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilijaribiwa na wachezaji wenyewe kwa miaka miwili kabla ya kuchapishwa. Lilirahisishwa, likapendwa, na likaingia katika televisheni na video za mtandaoni. Kisha Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka kuifuta ile ya 2000 na kuwatoza asilimia wachapishaji waliopata mapato makubwa. Wachezaji waligoma, wakafuta malipo yao ya kila mwezi, na tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ikasalimu amri. Iliziweka kanuni za msingi za toleo la tano, takriban kurasa 400, chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Vitabu vya 2024 vilivyofuata vinaweza kutumika na vile vya 2014, na ndani yake neno la zamani la kuwagawa wahusika kwa mbari limeondolewa.

Kwetu sisi, siku ile ya Januari 2023 ndiyo ya kukumbukwa. Kanuni zile mtu yeyote anaweza kuzitafsiri, kuzibadilisha, hata kuziuza, sharti awataje waliozitunga. Zimekwisha kutolewa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, wala hakuna ofisi ya kuombwa ruhusa ili kiingie. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapa hapa Kericho, na wanafunzi wake wanaosoma Kiswahili wanaweza kuigawana kazi hiyo sura kwa sura.

Na viumbe tunao. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ndugu zetu sisi Wakipsigis, A. C. Hollis aliandika habari za Chemosit, zimwi ambalo watoto wa Kipsigis pia wametishwa nalo kwa vizazi. Ni nusu mtu, nusu ndege, ana mguu mmoja na anajikongoja kwa fimbo mfano wa mkuki. Mdomo wake mwekundu unang'aa usiku, naye huimba ili watoto wadhani kuna ngoma na waufuate ule mwanga. Atakayemwingiza katika kitabu cha kanuni ana maamuzi ya kufanya: mwendo wake kwa mguu mmoja uwe hatua ngapi, wimbo wake usikike umbali gani, na mtoto anayeusikia apate namba gani kwenye dadu ili abaki nyumbani.