Lenzi Ngumu na Macho ya Lubutu
Tangu Harold Ridley apandikize lenzi ya kwanza ya plastiki jijini London mwaka 1949, historia ya tiba ya mtoto wa jicho husimuliwa kama safari ya kutoka lenzi ngumu kwenda lenzi ya kukunjwa. Kwa Lubutu, mji wa msituni kwenye barabara ya Kisangani na Bukavu, simulizi hiyo naona haitoshi. Kilichowafungulia maskini mlango ni bei: viwanda vya Madurai, India (1992), na Asmara, Eritrea (1994), viliifanya lenzi ngumu kuwa rahisi kununua. Wapinzani watasema lenzi ya kukunjwa hupita kwenye mkato wa milimita 3 hivi, ngumu hudai 6. Ni kweli, lakini mkato huo mpana, ukichongwa kwa mshazari, hujifunga bila nyuzi, tena bila mashine ya mawimbi ya sauti ya kuvunjia mtoto wa jicho, inayodai umeme wa uhakika na vipuri kutoka mbali.