Maziwa na Njia za Matembezi Mepesi Kuzunguka Moshi

Mji wa Moshi unafahamika zaidi kuwa kituo cha kuanzia safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, si kila mwananchi au mgeni aliye na siku, nguvu na fedha za kuufikia Uhuru, kilele cha mlima huo. Kwa familia, wanafunzi na wazee, Mkoa wa Kilimanjaro una vivutio vingine vilivyo karibu: maziwa, bwawa, chemchemi na njia fupi za miguu ambazo mtu mwenye afya ya kawaida huweza kuzitembelea kwa siku moja na kurejea mjini kabla ya jua kuzama.

Kinachoyaunganisha maeneo hayo ni maji ya mlima. Watu wengi huamini kwamba chemchemi na mito ya Kilimanjaro hulishwa na barafu ya kileleni. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hutokana na mvua na ukungu katika ukanda wa misitu, ambako miteremko ya kusini hupokea mvua nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlima. Maji huzama katika miamba ya volkano, husafiri chini ya ardhi na kuibuka tena tambarare. Anayetembelea maziwa, kwa hiyo, huuona mlima uleule kwa upande wake wa chini.

Ziwa Chala

Ziwa Chala lipo Wilaya ya Rombo, mashariki mwa mlima, na hufikiwa kutoka Moshi kupitia Himo na barabara iendayo Holili, kisha kwa barabara ya vumbi. Ni ziwa la kasoko, yaani shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano. Mgeni halioni mpaka afike ukingoni. Hapo ardhi hukatika ghafla na maji huonekana chini kabisa, yakibadilika rangi kutoka buluu hadi kijani kulingana na mwanga na majira. Eneo la ziwa ni takribani kilomita 4 za mraba na kina chake hupita mita 90.

Hakuna mto mkubwa unaoingia Chala wala unaotoka. Ziwa hulishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi na hupoteza maji kwa njia hiyohiyo pamoja na mvuke. Utulivu huo umelifanya kuwa hazina ya kisayansi. Mwaka 2016 watafiti wa mataifa mbalimbali walichoronga tope la sakafu yake hadi takribani mita 215 na kupata kumbukumbu ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki inayorudi nyuma takribani miaka 250,000. Ziwa hilo pia ni makazi ya asili ya perege aitwaye kitaalamu Oreochromis hunteri, ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani na sasa yumo katika hatari kubwa ya kutoweka.

Matembezi mepesi zaidi ni yale ya juu ya ukingo, ambako njia haina mwinuko mkali na mandhari ya ziwa huonekana pande zote. Kushuka hadi majini ni jambo jingine: njia ni ya mteremko mkali wenye mawe yanayoteleza, na kurudi juu wakati wa jua kali huchosha hata vijana. Watoto wadogo na wenye matatizo ya magoti wabaki ukingoni.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, maji tulivu yasichukuliwe kuwa ni maji salama. Mwaka 2002 msafiri kijana kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea upande wa Kenya wa ziwa hili. Pili, mpaka wa Tanzania na Kenya, ambao chimbuko lake ni makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, hukatiza ndani ya ziwa. Kuvuka kwa mtumbwi au kwa kufuata ukingo si njia halali; anayetaka kufika upande wa pili hana budi kupitia kituo cha mpakani cha Holili.

Ziwa Jipe na Bwawa la Nyumba ya Mungu

Ziwa Jipe, lililopo Wilaya ya Mwanga chini ya Milima ya Upare Kaskazini, nalo limegawanywa na mpaka. Tofauti na Chala, ni pana na lenye kina kifupi, kisichozidi mita chache. Hupokea maji ya Mto Lumi kutoka Kilimanjaro pamoja na vijito vya Upare, na huyatoa kupitia Mto Ruvu. Udongo unaosombwa kutoka mashambani pamoja na mafunjo na matete vimepunguza sehemu ya maji ya wazi, hali inayowaathiri wavuvi wa pande zote mbili. Kwa wapenda ndege, hata hivyo, kingo zake ni mahali pa kukaa na kutazama kwa saa nyingi, hasa asubuhi. Kuna viboko na mamba; matembezi ya ukingoni yafanyike mchana na pamoja na mwenyeji.

Mto Ruvu hukutana na Mto Kikuletwa katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 na lina mtambo wa kufua umeme wa megawati 8. Kando yake pamekua vijiji vya wavuvi, na mgeni anayefika mapema hushuhudia mitumbwi ikirejea na samaki wakichambuliwa, kukaangwa na kuanikwa.

Chemchemi na misitu ya karibu

Katika Wilaya ya Hai, upande wa kusini wa Boma Ng'ombe, ipo chemchemi maarufu ya Chemka. Licha ya jina lake, maji yake ni vuguvugu tu. Hububujika kutoka kwenye miamba chini ya kivuli cha miti mikubwa na ni maangavu kiasi cha kuonyesha mizizi iliyo chini. Hapa ndipo wengi huja kuogelea. Yapo maeneo yenye kina kirefu, hivyo asiyejua kuogelea asiingie pasipo msaada.

Kwa aliye na saa chache tu, Msitu wa Hifadhi wa Rau upo pembezoni mwa mji na njia zake ni tambarare, zinazofaa kwa miguu na baiskeli. Ndani yake hupatikana mti adimu wa msoo, na nje yake yameenea mashamba ya mpunga.

Juu zaidi, katika vijiji vya Uru na Marangu, njia hupita katikati ya vihamba vya migomba na kahawa, mara nyingi sambamba na mifongo, mifereji ya asili iliyochimbwa na Wachaga kwa vizazi vingi. Kilimo hicho cha vihamba, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kilitambuliwa mwaka 2011 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia.

Maandalizi ya safari

Miezi ya Juni hadi Oktoba, pamoja na Januari na Februari, ndiyo bora kwa matembezi. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za vumbi huteleza na baadhi hazipitiki kwa magari madogo. Mgeni abebe maji ya kunywa, kofia na viatu vyenye soli inayoshika, na atumie kinga dhidi ya mbu. Kwenye kingo zenye maji yaliyotuama na majani, aepuke kuingia majini kwa sababu ya hatari ya kichocho.

Ni vyema kuripoti kwa uongozi wa kijiji kabla ya kuanza matembezi, kuulizia ada zinazotakiwa na kudai stakabadhi. Mwongozaji wa kijijini huonyesha njia, na pia hujua mahali ukingo ulipomomoka na mahali mamba alipoonekana wiki iliyopita.

Taka zote zirudishwe mjini. Chala haina mto wa kuondoa kinachotupwa ndani yake. Chupa inayodondoka leo hubaki humo. Vivyo hivyo, mti unaokatwa bila utaratibu katika msitu wa mlimani hupunguza uwezo wa ardhi kupokea mvua, na hasara yake humfikia mvuvi, mkulima wa mpunga na mtumiaji wa umeme walio mbali na mlima wenyewe.