Kuchagua mashine ya eksirei kwa idara ya dharura

Mashine ya eksirei ya idara ya dharura hununuliwa kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kusogezwa. Majeruhi wa ajali ya bodaboda anayeshukiwa kuvunjika shingo hapaswi kuhamishwa ovyo kutoka machela hadi mezani. Kwa hiyo, kabla ya bei, mnunuzi aulize iwapo mashine itamfikia mgonjwa alipolala, na iwapo itafanya kazi usiku umeme ukikatika.

Aina za mashine

Mashine ya kudumu hufungwa ndani ya chumba chake. Ina nguvu kubwa, hivyo hupiga picha kwa muda mfupi sana, na mtoto anayelia haharibu picha kwa kujitikisa. Kwa dharura, ichaguliwe ile ambayo tyubu yake inaning'inia kwenye dari na inaweza kugeuzwa upande, ili machela iingie chini yake.

Mashine ya magurudumu husukumwa hadi kitandani. Inafaa kwa kifua, mikono na miguu, lakini nyingi huzidiwa na picha ya nyonga au uti wa mgongo wa mtu mnene. Iwapo chumba cha eksirei kiko mbali na mapokezi ya majeruhi, hospitali itaihitaji hata kama ina mashine ya kudumu.

Kaseti au bamba la dijitali

Kaseti hupelekwa kwenye kisomeo, na picha husubiriwa kwa dakika kadhaa. Bamba la dijitali huonyesha picha ndani ya sekunde chache. Bamba la sentimeta 35 kwa 43 linatosha kifua cha mtu mzima. Hata hivyo, bamba likianguka huweza kuvunjika, na ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi za mtambo. Bei ya bamba jipya iandikwe ndani ya zabuni.

Umeme

Kenya hutumia umeme wa volti 240 na Tanzania wa volti 230, zote kwa hezi 50. Mitambo mingi ya kudumu huhitaji fezi tatu, na jenereta ya hospitali lazima iweze kuibeba. Pale umeme unapoyumba, mashine yenye betri inayochajiwa kwa soketi ya kawaida ina nafuu.

Vibali na forodha

Mashine hizi huorodheshwa forodhani katika kifungu cha 9022. Hazina madini ya mionzi ndani yake. Hutoa mionzi pale tu zinapopiga picha. Pamoja na hayo, kibali ni lazima. Nchini Tanzania hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), na nchini Kenya na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kibali kitafutwe kabla mzigo haujasafirishwa. Mashine iliyozuiliwa bandarini Mombasa au mpakani Namanga hulipiwa ghala huku majeruhi wakipelekwa hospitali nyingine.

Matengenezo

Tyubu huchakaa kwa matumizi. Mkataba utaje muda wa dhamana, upatikanaji wa vipuri, mafunzo, na fundi atafika baada ya saa ngapi. Fundi anayetoka nchi jirani naye huhitaji kibali cha kazi. Zabuni zilinganishwe kwa gharama ya miaka mitano, kwani mashine rahisi isiyo na fundi huishia kufunikwa shuka.