Mabaki Yana Mwenyewe

Kwa maoni yangu, historia ya uchambuaji wa taka za kielektroniki nchini mwetu haina budi kuanzia Nyamongo, wilayani Tarime. Mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, mawe yenye dhahabu kidogo yalirundikwa kama mabaki. Vijana waliyachambua kwa macho na nyundo. Kampuni ikawaita wavamizi. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu watano mgodini hapo. Mabaki hayakuwa na thamani kubwa kwa mgodi, lakini yalikuwa na mwenyewe.

Leo dhahabu imo pia katika bodi za simu na kompyuta mbovu. Tani moja ya bodi huweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodini. Hata hivyo, mchambuzi wa vyuma chakavu hulipwa kwa kilo, si kwa kilichomo, na moshi wa nyaya anazochoma apate shaba huishia mapafuni mwake. Kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinataka wakusanyaji wawe na vibali. Je, vibali hivyo vitamfikia mchambuzi huyu, au vitamfanya mvamizi mpya?