Sarafu kongwe za fedha: namna ya kutambua hali na thamani yake

Katika miji ya Arua na Koboko, sarafu zilizorithiwa kutoka kwa wazee huenda zikawa za tawala tofauti. Eneo la West Nile lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, likakabidhiwa kwa Sudan mwaka 1910, na hatimaye likaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Kabla ya kuuza au kusafisha sarafu ya aina hiyo, yapo mambo manne ya kuchunguza.

La kwanza ni madini. Rupia ya India ya enzi za ukoloni ilikuwa na asilimia 91.7 ya fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba, iliyotolewa kati ya 1921 na 1946, ina asilimia 25 tu, na zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Kwa hiyo, mwaka ulioandikwa kwenye sarafu husomwa kwanza.

La pili ni namna ilivyotengenezwa. Sarafu ya prufu hupigwa zaidi ya mara moja kwa mihuri iliyong'arishwa, ili uwanja wake uwe kama kioo. Uganda ilitoa sarafu kama hizo kuadhimisha ziara ya Papa Paulo wa Sita mwaka 1969. Ile ya shilingi 30 ina uzito wa gramu 60. Prufu ni aina ya utengenezaji, si daraja la ubora: ikichakaa hubaki prufu, ila daraja lake hushuka.

La tatu ni daraja lenyewe, ambalo hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70. Sarafu huinamishwa chini ya taa moja ili mikwaruzo, alama za vidole na sehemu zilizolika, kama manyoya ya simba, zionekane.

La nne ni rangi. Fedha hushikana na salfa iliyomo katika moshi, mpira au sufu, ikafanya utando wa manjano, kisha kahawia, buluu na mwishowe mweusi. Utando wa asili mara nyingi huanzia ukingoni na kubadilika polepole kuelekea katikati. Rangi kali yenye mabaka ya ghafla hutia shaka. Rangi iliyoingia ndani ya mikwaruzo huonyesha kuwa sarafu ilisuguliwa kwanza, ndipo ikapata utando.

Hapo ndipo wengi hupata hasara. Majivu, mchanga au dawa ya meno huondoa ngozi ya juu ya madini, na ngozi hiyo hairudi tena. Sarafu inayong'aa kwa kusuguliwa huwa na bei ndogo kuliko iliyoachwa na weusi wake. Aidha, mnunuzi anayelipa kwa uzito pekee hulipia madini tu, hata kama sarafu ni adimu.

Inashauriwa sarafu ishikwe ukingoni, itunzwe mahali pakavu mbali na moshi, na ionyeshwe kwa wanunuzi wasiopungua wawili kabla ya bei kukubaliwa.