Mchezo wa Namawala

Ndugu msomaji, kama umewahi kushuka pale stendi ya Ifakara, basi vibanda vya gemu umevisikia kabla hujaviona. Kibao hakuna. Kuna pazia la kitenge mlangoni, televisheni mbili za chogo, PlayStation iliyofungwa kwa mpira, na watoto waliobanana kwenye benchi kama magunia ya mpunga juu ya Fuso. Mimi nililelewa humo. Hela ya sabuni, hela ya daftari, hata chenji ya mafuta ya taa, zote ziliishia kwa mwenye kibanda, na mama alinichapa mpaka akachoka mwenyewe. Leo nina cheti cha kidato cha nne, kazi ya maana sina, na usiku ninaandika riwaya. Historia ninayotaka kukusimulia ilianza kwa ubishi ndani ya kibanda kile kile.

Mbishi mwenzangu ni mtoto wa mjomba. Namwita Kaka kwa sababu amenizidi miaka sita. Yeye yuko Dar es Salaam, anatengeneza gemu za simu. Namaanisha anaziandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kama mimi ninavyoandika sura za riwaya, tofauti ni kwamba yeye akikosea nukta moja kitabu chote kinagoma kufunguka. Alikuja likizo, nikampeleka kibandani kumtambia. Dogo mmoja wa darasa la tano akamfunga mabao manne kavu.

"Unajua ubaya wa gemu hii?" akaniuliza tukitoka. "Siwezi kuifungua nikaona ndani."

Nikamcheka. Nilidhani ni kisingizio cha mtu aliyefungwa na mtoto. Kumbe ndiyo imani yake, na alinihubiria njia nzima hadi Kibaoni. Kwake yeye gemu ni sheria, picha ni nguo tu. Ndiyo maana, alisema, wazee wanachimba mashimo ardhini wanacheza bao kwa kete za mbegu, na utamu haupungui hata punje, kwa kuwa sheria za bao kila mtu anazo kichwani. Nani ameuziwa bao kwenye sanduku lililofungwa?

Kabla sijaendelea na ubishi, nikukumbushe tulikotoka, maana vijana wengi hatujui. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu. Kompyuta iliyowekwa Hazina ilikuwa imevuruga hesabu na kumeza fedha nyingi za kigeni, wakubwa wakasema basi, yatosha. Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970 mwanzoni, sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994. Wenzetu wa Japani na Marekani walikuwa wamekwisha kuzeesha vizazi kadhaa vya gemu. Sisi tulipopata, tulipata kilichokwisha kutumika, tena kimefungwa kwa skrubu. Tukajua kucheza. Namna kinavyotengenezwa hakuna aliyetuambia, na kusema kweli hatukuuliza.

Sasa Kaka ana shujaa wake, Mmarekani anaitwa John Carmack, fundi mkuu wa gemu ya Doom iliyotoka mwaka 1993. Ni gemu ya kupiga mashetani bunduki, mimi binafsi hainivutii. Lakini sikiliza alichofanya. Desemba 1997, gemu ikiwa bado na jina kubwa, kampuni yake ya id Software ikaitoa hadharani ile maandishi yenyewe ya programu, anayetaka achukue, asome, atengue, aunde upya. Mwaka 1999 wakaiweka chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo imetokana na kazi ya Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, na masharti yake ni kama ya ngoma ya kijijini: ingia ucheze, ongeza madoido yako, ila usije ukajenga uzio ili wengine wasione. Programu za namna hiyo ndizo zinaitwa programu huria.

Hapo nilimkatiza. Ndugu msomaji, mimi nina kidonda. Mwaka juzi nilimpa mtu fulani hadithi yangu anichapie kwenye kompyuta. Miezi miwili baadaye nikaikuta inazunguka kwenye simu za watu mjini, wanacheka pale nilipotaka wacheke, wanalia pale nilipotaka walie, na jina langu halipo. Halipo kabisa. Nikamwambia Kaka, wewe unahubiri kugawa kwa sababu hujaibiwa.

Hakunijibu kwa matusi, alinijibu kwa Doom. Akasema ule mwaka 1997 gemu haikutolewa nzima. Kipande cha programu kilichokuwa kinapiga muziki na milio ya bunduki kilikuwa mali ya mtu mwingine, waliazima tu, kwa hiyo wakakiacha nje, na waliokihitaji ikabidi waandike chao upya. Na tena, picha na nyimbo zenyewe za Doom hazikuwekwa chini ya leseni hiyo. Kilichofunguliwa ni injini. Mzigo ulibaki wa mwenyewe. "Kwa hiyo hadithi yako ni mzigo," akasema, "hakuna aliyekwambia uugawe. Mimi nazungumzia injini."

Nilinyamaza kidogo. Sikukubali, nilinyamaza tu.

Kwenye muziki ndipo tulipokubaliana, tena kwa furaha. Kaka anaamini kwamba wanamuziki wa uswahilini Dar ndio mafundi gemu wa kwanza wa nchi hii bila wao kujijua. Chukua mchiriku. Vijana wa Kizaramo walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo huko vinakotoka vilikuwa kama midoli ya watoto, wakaviunganisha na vipaza sauti vilivyochakaa, wakavilazimisha kulia mpaka mtaa mzima haulali. Sauti yake ni ile ile ya gemu za zamani, kali, nyembamba, inayotoboa. Jagwa Music wamekuwa wakiipiga tangu mwaka 1992. Baadaye ikaja singeli, na maprodyuza wengi wa vichochoroni waliijenga juu ya FruityLoops. Na hiyo FruityLoops, alisema Kaka akinichoma na kidole, iliandikwa na fundi gemu! Kweli bwana. Didier Dambrin, kijana aliyeajiriwa na kampuni moja ya Ubelgiji kutengeneza gemu, akaandika kimchezo cha kupanga ngoma, kikatoka mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo sherehe za Tandale zinatingishwa nacho. Ila nacho kimefungwa. Wengi wa vijana wetu walikipata kwa nakala za wizi. Kaka hapendi kulizungumza hilo, mimi nikalizungumza makusudi.

Kesho yake tukapanda bodaboda kwenda Namawala kumsalimu mama mdogo. Kwangu ni mama mdogo, kwa Kaka ni shangazi. Alizaliwa na kukulia Idete, akaolewa Namawala, vijiji vya bonde hili hili, mpunga huku na mpunga kule, na mbu kama mvua. Mbu siwatii chumvi. Watafiti waliowahesabu Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku.

Hao watafiti nao wana historia yao. Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, na maabara ikafunguliwa mwaka 1957. Ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, jina ililopewa mwaka 2008. Mwaka 1993 walifanya jaribio la chanjo ya malaria pale Idete, chanjo ya SPf66 iliyobuniwa Kolombia, kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Mama mdogo alikuwa na miaka minne. Alichomwa sindano tatu, anakumbuka biskuti kuliko sindano, na hajui hadi leo kama ilikuwa chanjo yenyewe au kitu cha kulinganishia. Chanjo ilipunguza homa kwa asilimia 31 tu, na kwingineko ikafanya vibaya zaidi, ikaachwa. Kisha ukaja mradi wa vyandarua vya Zuia Mbu, kuanzia mwaka 1996, Kilombero na Ulanga. Huo ulizaa matunda: chandarua chenye dawa kilionekana kuongeza kwa asilimia 27 nafasi ya mtoto wa chini ya miaka mitano kuishi.

Usiku tumekula wali, tumekaa uani, Kaka akafungua kompyuta yake. "Nyie mnasema Ifakara hakuna gemu yake," akasema. "Tazameni hii."

Hakukuwa na picha hata moja. Maandishi meusi, mengi, kwa Kiingereza. Inaitwa OpenMalaria. Waliiandika mafundi wa taasisi ya Basel, iko chini ya GPL ile ile ya Doom, na mtu yeyote duniani mwenye intaneti anaweza kuichukua. Ndani yake kuna watu wa kubuni, kila mmoja peke yake, na maisha yake. Anazaliwa, anaumwa na mbu, anapata homa, anazoea homa, anatibiwa au hatibiwi, anakufa au anaishi. Mchezo unakwenda kwa zamu, zamu moja ni siku 5, kwa hiyo mwaka mmoja ni zamu 73. Ukitaka unagawa vyandarua, ukitaka unaleta chanjo, kisha unahesabu nani kabaki. Kaka akashuka chini kwenye faili moja la mfano na kuweka kidole. Pale kwenye mbu na misimu yao palikuwa pameandikwa *Namawala*.

Mwili ulinisisimka. Kumbe wakati wanaijenga, katika takwimu walizotumia zimo za bonde letu, na majira ya mbu wa Namawala yakawa majira ya mchezo. Kuanzia mwaka 2006 ukawepo mradi wa malariacontrol.net, ambapo watu wa kawaida, hasa wa Ulaya na Marekani, waliazimisha kompyuta zao zikokotoe mchezo huo zikiwa hazina kazi, hadi mradi ulipofungwa mwaka 2016. Fikiria hilo. Mzee fulani huko amelala, mashine yake sebuleni inahesabu homa za watu wa kubuni walioumwa na mbu wa kwetu. Na miaka hiyo hiyo mimi nikija likizo hapa kwa mama mdogo tulisomea kibatari. Programu ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Sisi tulikuwa kibandani tunanunua dakika kumi za mpira.

Mama mdogo alikuwa anasikiliza, mikono imeshika beseni la vyombo.

"Wanangu, kwa hiyo mimi nimo humo?"

"Hapana shangazi," Kaka akasema. "Majina hayamo. Ni hesabu tu."

"Wanaokufa humo ni akina nani?"

Kaka akaanza kumweleza habari ya bahati, kwamba mashine inarusha kama kete, ikiangukia hivi mtoto anapona, ikiangukia vile hapona. Akaishia njiani. Alikuwa amekumbuka. Mtoto wa kwanza wa mama mdogo alikufa kwa homa mwaka 2008, hajatimiza mwaka. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka kanga iliyotandikwa na watu wazima waliokuwa wakinong'ona.

"Na mkianza upya," mama mdogo akauliza, "wanarudi?"

"Ndiyo, shangazi. Ukianza upya wote wanazaliwa tena."

Akaweka beseni chini. Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na kioo, mwanga ukimpiga usoni na mbu wakiugonga. "Hebu anza tena," akasema.

Kaka akaanza tena. Namba zikapita. Tulikaa hivyo mpaka betri ikalia.

Likizo imekwisha, Kaka amerudi zake Dar, ila kabla ya kuondoka aliniwekea OpenMalaria kwenye kompyuta yangu kuukuu, ambamo riwaya naiandika kwa LibreOffice, nayo huria, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka ubavuni mwa OpenOffice. Sikuwahi kujali hilo zamani, ilikuwa ya bure, basi. Sasa nimejifunza kufungua faili na kubadilisha kitu kimoja kimoja. Wiki ya kwanza nilikosea alama moja, ikagoma siku tatu. Wiki ya pili nikaongeza vyandarua, nikaona vifo vya watoto vimeshuka kwenye jedwali. Kila matokeo nayaandika kwenye daftari, na pembeni ya namba naandika majina ya kubuni, kwa kalamu, kwa kuwa hayo ni mzigo wangu na sitampa mtu anichapie.

Mama mdogo yeye hanisumbui kwa lolote. Ila kila nikienda Namawala, baada ya shikamoo na marahaba, ananiuliza kama mchezo nimeufikisha mwaka 2008.